Uduvi Kwenye Kisamvu cha Sihaba

Siku Sihaba alipofariki nilikuwa mapokezini, nawaandikia wageni wawili kutoka Arusha mahali pa kula. Mmoja wao hali nyama. Nilikuwa nimekwisha kumweleza habari za mbaazi za nazi zinazouzwa asubuhi karibu na stendi, na nilikuwa naanza kumwonya kuhusu chipsi, kwamba mafuta yanayokaanga viazi ndiyo hayo hayo yaliyokaanga kuku. Hope, mwenzangu wa jikoni, akaja akasimama mlangoni na simu mkononi. Alisubiri nimalize. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Sihaba kafariki alfajiri, na maziko ni baada ya swala ya alasiri.

Nilimaliza kuandika. Hilo nalikumbuka kuliko mengine yote ya siku ile. Niliandika "chipsi, uliza kwanza", nikampa mgeni karatasi yake, nikamtakia matembezi mema. Ndipo nikaenda stoo nikakaa juu ya gunia la mchele, na machozi hayakuja mpaka Hope aliponifuata.

Naandika haya ili nisisahau. Tayari yapo madogo yaliyoanza kunipotea. Sikumbuki tena kama upawa alikuwa anaushika kwa mkono wa kulia au wa kushoto.

Mimi nimezaliwa Miono. Baba yangu alikuwa katekista na mkulima wa mahindi na ufuta. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani mwaka mmoja, halafu nikaja Bagamoyo kufanya kazi kwenye nyumba ya wageni ya Mwalimu Dominiko, mwalimu mkuu mstaafu, yenye vyumba vinane, jirani na mji mkongwe. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni, kutunza funguo na kujibu maswali. Watu hudhani wageni huuliza habari za magofu na makaburi ya kale. Huuliza, lakini swali la kwanza ni la tumbo.

Kadiri miaka ilivyokwenda, waliongezeka wale wasiokula nyama. Mwanzoni niliwashangaa. Kwetu Miono mtu asiyekula nyama ni mtu ambaye hajaipata. Lakini nilijifunza. Niliujua mji mzima kwa kuutafutia watu wa namna hiyo chakula. Nilijua kwamba kule sokoni yuko mama lishe ambaye maharage yake ni mazuri, ila siku ya Jumamosi huyatia mchuzi uliobaki wa ng'ombe ili usilale. Nilijua kwamba Magomeni, ya hapa hapa Bagamoyo, ipo nyumba moja wanapika bamia na mlenda, na mgeni akifika baada ya saa nane hakuti kitu. Kwenye hoteli za pwani walikuwa na orodha ndefu, na kwa asiyekula nyama waliishia kumpa tambi na nyanya. Mtu akitaka kukaa mahali patulivu nilimwambia akae huku kwetu, akitaka makelele na muziki nilimpeleka ng'ambo ya barabara kubwa, na akitaka kula vizuri nilimpeleka kwa Sihaba.

Kwa Sihaba hapakuwa na kibao. Ilikuwa nyumba ya marehemu mumewe, Masoud, katika mji mkongwe, yenye ua mkubwa nyuma. Sihaba alipika uani na kuwakaribisha watu barazani, juu ya mkeka. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Nadhira, aliyekuwa akisoma chuo Dar es Salaam. Alikuwa amenizidi miaka kumi na kitu, nikimwita dada, naye akiniita mdogo wangu. Nilimfahamu kwa sababu ya mgeni mmoja aliyechoka kula chipsi. Nilipita nikasikia harufu ya nazi, nikapiga hodi, nikauliza kama anauza. Akasema hauzi, lakini mgeni hafukuzwi. Baada ya wiki mbili akawa anauza.

Alipika wali wa nazi, mbaazi, bamia, mchicha, na kisamvu. Kisamvu chake ndicho kilichomjengea jina. Alikitwanga mwenyewe kwenye kinu, hakukubali mashine, akakipika taratibu mpaka tui likakauka na kuacha mafuta pembeni mwa sufuria. Wageni walikula, wakaomba tena. Wengine walirudi mwaka uliofuata, na kabla ya kuuliza chumba waliuliza kama yule mama bado anapika.

Siku ya kwanza nilipokionja niligundua kitu. Sisi wa Miono majani tunayatia karanga, na mdomo wangu haukuzoea ladha ile. Nikamuuliza ni nini. Akanionyesha mkebe juu ya kabati. Ndani mlikuwa na uduvi, wale kamba wadogo sana wa kukaushwa ambao huuzwa kwa kikombe sokoni. Aliukaanga mkavu, akausaga mpaka ukawa unga, akaunyunyiza mwishoni.

"Huu si samaki, dada?" nilimuuliza.

"Samaki ana miba, mdogo wangu. Hiki ni kiungo. Usipotia, majani yanabaki majani, umempa mtu chakula cha mbuzi."

Tulicheka. Mtu wa pwani ukimuuliza leo kama uduvi ni nyama atakuona una homa. Sihaba hakuwa anaficha kitu. Mkebe ulikaa pale pale juu ya kabati, na yeyote aliyeingia uani aliuona.

Ila baada ya muda yeye mwenyewe aliniuliza. Ilikuwa asubuhi, anachambua mchele kwenye ungo, mimi nimekuja kumpa hesabu ya wageni wa mchana. Akasema amekuwa akiwaza, hawa watu wangu wasiokula nyama, je, uduvi wanaujua? Nikasema hawajauliza. Akasema basi pengine aache kuutia, apike kisamvu kitupu, ili asimlishe mtu kitu asichokitaka. Nikamwambia asiache. Nilimwambia hivi, na maneno yenyewe nayakumbuka kwa sababu nimeyarudia moyoni mara nyingi: "Tia tu, dada. Ukiacha watasema chakula hakina ladha, na mimi ndiye ninayewaleta."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya. Wewe ndiye unayewajua."

Ikawa hivyo kwa miaka mitatu.

Mwaka jana mwezi wa saba alipiga simu bwana mmoja wa Dar es Salaam, jina lake Hitesh. Alitaka vyumba vitano kwa siku tatu, yeye na familia yake na mama yake mzazi, Bi Kokila, ambaye alikuwa anatimiza miaka sabini na tano. Alieleza kwa Kiswahili kizuri kwamba mama yake hajawahi kula nyama, samaki wala yai tangu azaliwe, ni mambo ya dini yao na ahadi yake mwenyewe. Mwalimu Dominiko alifurahi sana, maana mwezi ule vyumba vilikuwa vitupu. Akaniita akaniuliza kama nina mahali pa hakika. Nikamwambia ninapo.

Jioni nilipita kwa Sihaba nikamwambia watu saba kesho kutwa mchana, hawali nyama wala samaki wala mayai, na kuna bibi wa kuheshimiwa. Habari ya uduvi sikuitaja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikusahau. Nilikuwa nimesimama kabisa karibu na lile kabati. Nilijiambia kwamba watu mamia wamekula na hakuna aliyedhurika, na kwamba siku hiyo hasa ndiyo nilitaka kisamvu kiwe kama kilivyo siku zote.

Walikuja. Bi Kokila alikuwa mdogo wa umbo, amevaa sari ya rangi ya maziwa, ameshikwa mkono na mjukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa lafudhi ya Tanga. Alizaliwa huko, wakati baba yake akiwa na duka kwenye mashamba ya mkonge. Aliketi mkekani kama amekaa kwao. Alikula wali na bamia, akakihamia kisamvu, na nikamwona anafumba macho. Alimwambia mwanawe kwamba tangu Tanga hajala majani yaliyopikwa hivi. Akamwita Sihaba, akamtania kwamba amemroga, amtajie dawa yake ili akawaroge wakwe zake.

Sihaba alifurahi. Akaketi karibu naye, akamhesabia kwa vidole. Majani machanga ya muhogo, si makubwa. Kutwanga na kitunguu saumu. Tui la pili kwanza, tui zito mwisho. "Halafu uduvi, bibi, kiganja kimoja, uukaange mkavu kisha uusage."

Bi Kokila alikuwa ameinua tonge. Akalirudisha kwenye sahani.

"Uduvi," alisema. "Wa baharini?"

"Ndiyo, bibi."

"Nimepishana nao sokoni tangu mtoto. Nikipita nilikuwa naziba pua."

Hakupandisha sauti. Aliomba asaidiwe kusimama, akaenda uani, akasukutua mdomo kwa maji mara nyingi, tukimsikia. Mjukuu wake alikuwa analia. Sihaba alibaki ameketi, vidole vyake bado viko wazi vile alivyokuwa anahesabia, na nilimwona jinsi alivyokuwa anaelewa polepole.

Hitesh akanigeukia mimi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku ile uliniogopesha zaidi. Alisema, "Dada, nilikueleza kwenye simu. Wewe ulikuwa unajua kwamba huyu mama anatia uduvi?"

Nilimfikiria Mwalimu Dominiko na vyumba vitano. Nilifikiria kazi yangu. Sijui kama nilifikiria kweli au ndivyo ninavyojitetea sasa. Nilisema, "Sikujua."

Sihaba akaniangalia. Haukuwa mtazamo wa hasira. Aliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Halafu akainamisha kichwa, akasema, "Hakuambiwa. Kosa ni langu mimi, bwana. Mniwie radhi, na bibi aniwie radhi."

Nami nikamwacha aombe radhi.

Waliondoka Bagamoyo jioni ile ile. Baada ya siku chache Hitesh aliandika kwenye ukurasa ambao watu huandika maoni kuhusu nyumba yetu. Aliandika kwa Kiingereza, nikayasoma pamoja na Hope. Alisema vyumba ni safi, na dada wa mapokezi ni mkarimu ila alidanganywa. Kuhusu Sihaba alisema kwamba ni mwanamke anayewaficha watu anachowalisha, na kwamba mama yake hakula kitu kwa siku mbili baada ya kufika nyumbani. Alitaja mtaa na mlango. Wengine waliowahi kula pale wakaanza kuandika chini yake. Mmoja alisema sasa ndiyo anaelewa kwa nini kile kisamvu kilikuwa kitamu hivyo. Waliokuwa wamemsifu miaka mitatu wakamwita mwongo kwa wiki moja.

Mwalimu Dominiko akakataza tusimpelekee mgeni yeyote tena. Nilikubali. Nilikuwa nataka kwenda kwa Sihaba siku ya pili yake, nikaona ni mapema mno, apoe kwanza. Wiki iliyofuata nikaona nimechelewa, nitaanzia wapi. Tulikutana sokoni kwenye meza za nyanya, akaniamkia yeye kwanza, akaniuliza habari za kazi na habari za mama yangu kule Miono. Alikuwa ananunua vitu vya mtu mmoja. Nilisema nitapita kwake, akasema karibu. Sikupita.

Alijaribu kuendelea na watu wa mjini, lakini mtu wa mjini ana kisamvu kwao. Mwezi wa kumi aliacha. Akawa anapika vitumbua asubuhi na kuviuza barazani pale pale. Halafu akaugua. Alikuwa na sukari siku nyingi bila kusema. Mguu ukavimba, akawa hawezi kusimama jikoni, na Nadhira akarudi kutoka chuoni kumwuguza.

Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza nilikuta watu wengi, nikaacha machungwa nikaondoka. Mara ya pili tulikuwa peke yetu chumbani, yeye amelala, mguu juu ya mto. Alikuwa amekonda lakini kichwa chake kilikuwa kizima kabisa. Akaniuliza kama wageni wapo. Nikasema wapo. Akauliza wale wasiokula nyama sasa nawapeleka wapi. Nikamtajia, yule wa sokoni, na ile nyumba ya Magomeni.

"Yule wa sokoni maharage yake ni supu ya kuogea," alisema. "Na wa Magomeni bamia anaichemsha mpaka inaomba msamaha."

Nilicheka, naye akacheka, na kwa muda ule mdogo tulikuwa kama zamani. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilikuwa nimekwisha kuvuta kiti karibu. Nadhira akaingia na bakuli la uji. Alikuwa ametusikia. Hakuniangalia mimi, alimwambia mama yake, kwa heshima lakini kwa sauti kavu, "Mama, tuache habari za kuwalisha watu. Yaliyotupata yanatosha."

 Sihaba akafungua mdomo kupokea kijiko kama mtoto.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Nadhira aliyasoma yale maoni na kuyaamini. Mama yake hakuwa amemwambia. Hata mwanawe wa pekee hakumwambia. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwao wote wawili, na ilikuwa inahitaji sentensi moja tu kutoka kwangu. Nikasema nawaachia nafasi mgonjwa apumzike. Sihaba akanishika mkono, akasema nimsalimie mama. Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia. Alikaa siku kumi na moja, akafariki.

Nilikwenda mazikoni na khanga niliyoazima kwa Hope. Wanawake tulikaa ndani kwenye mikeka, wanaume wakamchukua. Chausiku, dada yake mkubwa, alinikalisha karibu naye na kuwaambia watu kwamba huyu ndiye aliyekuwa mdogo wake marehemu, aliyekuwa akimletea wageni. Wengine walinipa pole. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona kwa mwenziwe kuhusu Wahindi na uduvi, wakaguna. Nilimsikia mwenziwe akisema, "Alikuwa mtu mwema, lakini pale alijiharibia." Niliendelea kuitikia dua nisizozijua.

Siku ya tatu, baada ya hitima, watu walipopungua, nilimkuta Nadhira uani anasugua masufuria kwa majivu. Nilichutama nikaanza kumsaidia. Nikamwambia nina neno. Akasema, "Sema, anti."

Nikamweleza yote, kuanzia mkebe juu ya kabati. Nilimweleza kwamba mama yake alitaka kuacha kuutia na mimi ndiye niliyemkataza. Kwamba nilipoulizwa nilisema sikujua, na mama yake akajitwika. Nadhira hakuacha kusugua. Sufuria lilikuwa limekwisha kung'aa naye anaendelea mahali pale pale.

Akasema, "Mimi nilimwambia mama kwamba amewadanganya watu. Kwenye simu kwanza. Halafu nilipokuja nikamwambia tena, hapa hapa uani. Nilikaa mwezi mzima sikumpigia."

Nikachota majivu mengine.

"Hakunijibu," akasema. "Nilidhani ni aibu."

Nikasema samahani. Neno lenyewe lilitoka likiwa dogo. Akaliweka sufuria chini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Ana macho ya mama yake.

"Wiki mbili zilizopita alikuwa anasikia, anti. Ulikuja ukakaa kwenye kiti. Kwa nini unaniambia leo?"

"Niliogopa."

"Sasa huogopi kwa sababu nani hayupo?"

Nilibaki nimechutama na mikono yenye majivu. Chausiku alichungulia kutoka mlangoni, akaona, akarudi ndani. Nadhira akasimama. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo wa ndani wasingeisikia, "Nenda nyumbani, anti Eva. Sitaki nikuvunjie heshima mbele ya wageni wa mama."

Nikaenda.

Asubuhi iliyofuata nilifika kazini mapema, nikafungua ule ukurasa kwenye kompyuta ya mapokezi. Niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu kinanitosha kwa funguo na taulo tu, na kwa sababu Bi Kokila alizaliwa Tanga. Nilijitaja jina langu kamili na kazi yangu. Niliandika kwamba nilijua habari ya uduvi kwa miaka mitatu, kwamba mpishi aliniuliza kama auache na mimi nikamwambia autie, kwamba nilisema uongo mbele yake naye akalibeba kosa langu, na kwamba amefariki wiki hiyo. Sikuomba kitu. Niliyasoma mara moja nikayatuma kabla moyo haujageuka.

Hitesh alijibu baada ya siku nne. Alisema amemsomea mama yake. Bi Kokila ametuma pole kwa binti wa marehemu. Amesema pia kwamba yule mama, alipoulizwa, hakumung'unya maneno, alitaja uduvi waziwazi kama mtu asiye na cha kuficha, na kwamba jambo hilo lilikuwa likimsumbua muda wote, maana hakuona linavyolingana na mtu mwongo. Hitesh aliyafuta maneno yake kuhusu Sihaba. Kunihusu mimi hakusema lolote.

Nilizinakili zile salamu kwa mkono nikazipeleka kwa Chausiku, nikamwomba ampe Nadhira. Aliikunja karatasi akaiweka kifuani. Sijui kama alimpa. Nadhira amerudi chuoni. Wakati wa likizo fupi nilimwona akitoka dukani, nikasimama, naye akaniamkia shikamoo kama anavyoamkiwa mtu mzima yeyote njiani, akapita.

Nyumba ya Sihaba imefungwa mlango wa mbele. Chausiku huja Ijumaa kufagia ua.

Mwalimu Dominiko aliyasoma niliyoyaandika siku ile ile. Aliniita ofisini, akaniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Akasema nimeandika kwenye ukurasa wenye jina la nyumba yake kwamba mtu wa mapokezi yake huwadanganya wageni, na kwamba kama mwalimu hawezi kunilaumu kwa kusema ukweli, ila kama mwenye nyumba hawezi kunirudisha pale mbele. Hakunifukuza. Amenihamishia kwenye usafi wa vyumba na ufuaji. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa tisa.

Mapokezini sasa anakaa Scola, msichana aliyetoka Vigwaza mwezi wa nne. Wageni wasiokula nyama anawaelekeza yeye. Hajawahi kula kwa Sihaba.